Mkono wa Mtani

Tekla hakujaliwa kutulia. Tangu alfajiri alikuwa amefagia uwanja wa bweni ambao haukuwa zamu yake, amefua shuka lililokuwa safi, amekwenda getini na kurudi bila kutumwa na mtu. Kwao Ipole walimwita kiguu na njia, na hawakumwonea. Wazee wa wazee wake walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, kwa hiyo labda miguu ile aliirithi. Bahati mbaya chuo cha maabara hakina somo la kutembea.

Asubuhi hiyo alikuwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kutoa damu. Akifeli tena ni disko, kuondolewa chuoni: anafunga godoro lake na kurudi Ipole kwenye mizinga ya nyuki ya baba yake, ambaye alishalitangazia kanisa zima kwamba binti yake atavaa koti jeupe. Na mara ya kwanza alifelishwa na pupa yake mwenyewe, asimsingizie mtu. Alichomoa sindano kabla hajafungua mpira uliobana mkono. Damu ikaruka, na mkono wa rafiki yake Wafaa ukavilia, ukawa na rangi ya zambarau. Wafaa alicheka tu, akavaa mikono mirefu nyumbani ili mama yake asiuone. Mama akauona vilevile.

Sasa pale chuoni kulikuwa na utaratibu usio na huruma: mwenye sapu hujitafutia mkono wa kuchoma. Tobias wa darasani kwake alidai ana mafua. Advera alikumbuka ghafla kwamba anaogopa sindano, yeye anayesomea sindano. Wafaa peke yake ndiye aliyesema kweli.

"Mimi ningekuja, Tekla. Ila mama kaniapisha nisikupe mkono tena."

Tekla akazunguka chuo kizima mpaka miguu ikamfikisha jikoni. Mpishi wa chuo, Theodora, alikuwa akichambua maharage. Alikuwa Mgogo wa Manyoni aliyeletwa Tabora na mume mfanyakazi wa reli, na kwa Mnyamwezi kama Tekla huyo ni mtani. Zamani misafara ilipopita Ugogo ilitozwa ushuru kwenye visima. Watu wakagombana, wakachoka, wakapatana, na utani ukabaki. Kwa haki hiyo Theodora alijichotea asali ya Tekla kila binti huyo alipotoka likizo, bila kuomba, na mtani hakasiriki. Alipofariki mlinzi wa chuo, Mnyamwezi naye, Theodora alimtania mpaka kaburini, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka.

"Shikamoo, mla asali ya watu."

"Marahaba, mbeba mizigo. Umeleta nini nikutoze?"

"Leo natoza mimi. Nataka mkono wako."

Akamweleza. Theodora aliacha kuchambua, akayatazama maharage kwa muda kana kwamba hayajui. Lakini wapishi wenzake walikuwa wameshaanza kucheka, na mtani akidaiwa mbele za watu hana pa kujificha. Akajifuta mikono kwa kanga, akamfuata.

Chumba cha mtihani kilinuka spiriti. Mwalimu Octavian alisimama pembeni na kalamu yake. Tekla alifunga mpira, akatafuta mshipa, asiuone. Mkono ulikuwa mnene, umejaa makovu ya mafuta ya moto. Mguu wa Tekla ukaanza kutikisika chini ya meza. Choma tu, moyo ulimwambia, choma popote yaishe.

Ndipo alipogundua kwamba Theodora hajasema neno tangu waingie. Mwanamke aliyetania hata makaburini alikuwa amebana midomo, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho la baridi. Tekla akamwonea huruma, huruma ya kweli, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisahau.

"Mtani, mbona kisima kimekauka? Wazee wenu walitutoza kwa maji yapi?"

Theodora akakohoa, kicheko kikamponyoka. "Maji yapo. Ninyi ndio hamkujua kuchota."

Mkono ukalegea. Tekla alipapasa taratibu, akasubiri, akapapasa tena, mpaka chini ya kidole kitu kikabonyea na kurudi. Akachoma. Damu ikaingia kwenye kichupa bila ubishi. Akafungua mpira, akautazama kuhakikisha umefunguka kweli, ndipo akachomoa sindano na kukandamiza pamba.

"Umefaulu," alisema Mwalimu Octavian. "Damu kaimwage, unawe, uende zako."

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Miguu ilikwishafika mlangoni, ilitaka kukimbia hadi Itetemia na kurudi, ampigie baba simu njiani. Theodora akamshika koti.

"Usiimwage." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada yangu alikatwa mguu kwa sukari, kisha akafa. Na mimi siku hizi kiu hainiishi. Hospitali naipita kwa mbali, kila siku nina kisingizio. Leo wewe umeninyima kisingizio. Ipimeni."

Mwalimu Octavian aliwatazama wote wawili. Akakichukua kichupa, akaandika jina la Theodora juu yake, akaingia nacho chumba cha mashine.

Wakabaki wawili. Tekla alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Huko stesheni treni ilipiga honi.

"Mtani," Theodora aliita, bila kumtazama. "Jibu likiwa baya, utanitania?"

Tekla alielewa anaombwa nini: asimwache peke yake.

"Nitakutania mpaka ukome."

"Basi kaa."

Tekla akavuta kiti, akakaa.