Mizabibu ya Chumba Namba Nne

Jumatatu ya pili ya Januari, Iakovos alikuwa akipogoa mizabibu yake huko Megalochori, kisiwani Santorini, binamu yake Zannis alipomwita kutoka ng'ambo ya ukuta, upande wa hoteli.

"Njoo na mkasi. Mizabibu imetoboa sakafu ya chumba namba nne."

Iakovos akakung'uta jivu la volkano magotini, akaenda.

Mizizi ile ilikuwa na miaka zaidi ya mia mbili. Sementi ya miaka tisa haikuipa shida. Matawi yalikuwa yamesukwa makapu ya duara kukizunguka kitanda, kama desturi ya kisiwani, ili upepo usizipige zabibu. Yalisukwa kwa mkono wa kushoto. Kisiwani kote aliyesuka kwa kushoto alikuwa mmoja tu, Marousa, mama yake Iakovos, naye alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake jeusi, akimalizia kapu la tatu. Alikufa mwaka ule hoteli ilipojengwa juu ya shamba lake la mizabibu.

"Umechelewa," akamwambia mwanawe. "Na mkasi wenyewe butu kama wa baba yako."

"Ndio huo huo wa baba, mama."

"Shangazi," Zannis akasema, "wageni wanafika Aprili."

"Waambie wavue viatu."

Zannis akamvuta Iakovos mlangoni. "Ing'oe yote. Hati ya kiwanja ina jina langu."

"Uliiandikisha mama akiwa amelazwa Athens."

"Ina jina langu hata hivyo."

"Basi ng'oa mwenyewe, mkono laini wewe."

Zannis akautazama mzizi, mnene kuliko paja lake, akaenda kupika kahawa. Iakovos akapiga magoti, akapogoa.

Agosti walivuna, wageni wakiinua masanduku yao kupisha. Ikatoka divai nyeupe, pipa moja, kali kama ndimu, yenye chumvi ya mwamba. Wazee wa kijiji wakaonja, wakasogeza tena glasi.

"Ya nani hii?"

"Ya mama," Iakovos akasema, kwa sauti ya kufika hotelini.

Zannis akapandisha bei ya chumba namba nne. Hati haikubadilika jina.

Kila Januari Iakovos huchukua ufunguo mapokezi na kutia sahihi kwenye daftari la wageni, kama inavyotakiwa. Penye sababu ya kuja huandika: kupogoa. Penye mahali anapotoka huandika kwa herufi kubwa: HAPA.