Aliyelala kwa Kalamu

Saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, fundi wa vifaa alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya lori la saba, miguu ikining'inia nje ya mlango. Aliomba bisibisi ndogo. Dereva wa lori hilo akampa. Dereva huyo aliitwa Taratibu, kwa sababu katika miaka kumi na sita hakuwahi kupita gari lingine kwenye kona, na wenzake walimtania kwamba hata kikohozi chake huanza leo kikamalizika kesho.

Kilichokuwa kikifungwa ni kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye taa moja pembeni. Kingeandika chenyewe saa za kuendesha na saa za kupumzika na kuzituma ofisini. Kuanzia siku hiyo vitabu vya safari vya karatasi havikuwa na kazi tena.

Madereva waliokuwa wakingoja zamu ya kufungiwa walikaa kwenye benchi la duka la matairi, wakibishana.

"Mashine haina mjomba," alisema Redio, dereva ambaye hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. "Muda ukiisha taa inawaka nyekundu, unaegesha, unalala. Nani atakulazimisha?"

"Na ikiwaka porini?" aliuliza mzee wa lori la mafuta. "Mimi na kitabu changu nilikuwa nasogea kilomita nane tu nifike penye watu. Hicho kitanisimamisha mahali hata nzi hatui."

"Kitabu hakikuwa na kosa," alisema Taratibu. "Tuseme ukweli, kalamu ilikuwa inaamriwa na nani?"

Wote walijua. Pale kampuni palikuwa na desturi ambayo wenyewe waliiita kulala kwa kalamu. Kabla ya kutoka, dereva alisimama kwenye dirisha la msimamizi wa safari na kuandika saa alizolala, si za jana, bali za kesho na kesho kutwa. Asipoandika, karatasi yake ya kutokea getini haigongwi muhuri. Mtu alimaliza kulala kabla hajachoka, kisha akaingia barabarani.

Shemeji yake Taratibu, mume wa dada yake, alikuwa amelala hivyo kwa muda wa saa tisa siku lori lake lilipoacha barabara. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, barabara imenyooka. Kwa kweli alikuwa ameendesha saa kumi na tisa bila kufumba jicho. Ripoti ya kampuni ilikuwa na mstari mmoja kwenye sehemu ya chanzo: uzembe wa dereva.

Miezi kumi na mmoja sasa, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, dada yake Taratibu alikuwa akienda ofisini kuomba neno hilo lifutwe. Hakuomba kingine. Mwanawe mkubwa alikuwa amerudi kutoka shule akiuliza kama ni kweli baba alikufa akichezea simu, na tangu siku hiyo mama huyo hakutaka kusikia la mtu. Kumwita mzembe mtu uliyemnyima usingizi kunahitaji moyo wa chuma, na pale ofisini mioyo ya namna hiyo haikuwa haba.

Saa tano kamili Jumanne hiyo karani alifunga gunia la mwisho la vitabu na kuligonga muhuri: HAVITUMIKI. Nyuma ya duka la matairi, mlango wa mabaki ya lori la shemeji, lililowekwa pale ling'olewe vipuri, ulifunguka. Mtu aliteremka kutoka kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Alijinyoosha mpaka mgongo ukalia.

"Tumeshafika?" aliuliza.

Taratibu alimtazama. Alikuwa shemeji yake, pengo lile lile la jino la mbele, kovu lile lile la kidole gumba, isipokuwa mashavu yalikuwa yamejaa na mgongo ulikuwa umenyooka. Ndivyo ambavyo shemeji angekuwa kama angelala. Redio alisogea kwenye benchi kumpa nafasi, na Taratibu akammiminia chai.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kitandani. Kila saa mwenzangu aliyoandika kwamba amelala, nililala mimi. Saa ikishaandikwa, lazima kuwe na mtu wa kuilala." Alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja. "Sasa vitabu vimefungwa, sina tena pa kulala."

Fundi alitoa kichwa chini ya dashibodi na kuuliza mbona wa madereva wengine hawatoki. Mzee wa lori la mafuta alisema labda kwa sababu madereva wenyewe bado wako hai. Fundi aliona hoja hiyo inaingia akilini, akarudi kwenye nyaya zake.

Taratibu alimpigia simu dada yake. Alimweleza kila kitu, na dada akasikiliza hadi mwisho.

"Anaweza kuongea?" aliuliza.

"Anaongea vizuri tu."

"Basi mlete ofisini. Huyo ni shahidi."

Dada mwenyewe alifika hapo baada ya saa moja, amevaa viatu vyake vya kuendea ofisini. Alimtazama yule mtu kuanzia juu hadi chini, akaukaza uso.

"Hujambo, mama?" yule mtu alisema kwa adabu.

"Nguvu zote hizo ulizonazo ni za mume wangu," dada alimwambia. "Twende."

Meneja aliwapokea vizuri. Aliagiza kiti cha tatu, akafungua faili, akachukua kalamu. Aliyelala alieleza aliyoyajua, bila kutia chumvi: yeye alilala, mwenzake aliendesha, hawakubadilishana hata mara moja.

"Mbona hakukuita umpokee?" aliuliza meneja.

"Angeniita saa ngapi? Hakuwa na nafasi ya kugeuka nyuma."

Meneja aliandika. "Kwa hiyo unathibitisha kwamba zile saa tisa zililalwa."

"Zililalwa zote. Na mimi."

"Na wewe ni nani?"

Yule mtu alitaja jina la marehemu na namba yake ya kazi, kwa sababu hakuwa na jina lingine wala namba nyingine. Meneja alilinganisha na orodha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Basi kitabu kilisema kweli," alisema. "Dereva alikuwa amelala vya kutosha, na bado lori likaacha barabara. Sasa mama, kama huo si uzembe, tuuite nini?"

Taratibu alisimama. Hakuna aliyewahi kumwona akisimama kwa haraka namna ile. "Bosi, mtu huyu amekuja kukwambia mwenzake hakulala! Umesikia kwa masikio yako!"

"Nimesikia kwamba dereva mwenye namba hii amelala. Yuko hapa. Mtazame alivyo na afya."

"Mume wangu nilimzika," alisema dada. "Nilimwosha mimi mwenyewe kwa mikono hii."

"Pole sana, mama," alisema meneja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole kwa dhati. Kisha akaongeza neno moja kwenye ripoti, ikawa inasomeka uzembe wa dereva, uliothibitishwa. Alipokuwa na faili wazi aliona pia kwamba mfanyakazi huyu hakuwa ameripoti kazini kwa miezi kumi na mmoja, bila ruhusa. Alimwandikia barua ya onyo kwa utoro. Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza alimsamehe, akampa lori la kumi na mbili, kisanduku kikiwa kimeshafungwa.

Yule mtu alipokea barua kwa mikono miwili na kushukuru. Hakujua lolote. Alikuwa amelala.

Hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo dada alimpa kitanda kwenye chumba cha watoto. Hakumwita kwa jina, alimwita yule. Yule hakujua majina ya watoto, kwa kuwa kila baba yao alipowapigia simu kutoka safarini yeye alikuwa usingizini. Aliwabeba mabegani, akawakimbiza uani mpaka wakaishiwa pumzi, na watoto wakampenda. Baba yao hakuwahi kukimbia nao. Dada aliwatazama kupitia dirisha la jikoni akiwa amekunja ngumi ndani ya maji ya kuoshea vyombo, Taratibu kando yake akifuta sahani.

Kazini visanduku vilifanya kazi bila kasoro. Redio alikuwa wa kwanza kugundua kwamba ofisi ilikuwa imevipanga kwa namna yake: magurudumu yakisimama dakika tano, kisanduku huandika mapumziko. Kwenye geti la kupakia mizigo foleni ilichukua muda wa saa kumi, na lori lilisogea hatua chache kila baada ya dakika sita, dereva mguu juu ya breki, macho kwenye lori la mbele. Kisanduku kiliandika kwamba amepumzika. Akimaliza kupakia, taa ilikuwa ya kijani na ofisi ilikuwa ikimwona mtu mpya kabisa. Zamani msimamizi alihitaji sahihi ya dereva ili kumsingizia usingizi. Sasa hakuhitaji hata hiyo. Redio alipeleka malalamiko kwa maandishi, akajibiwa kwamba mashine haina upendeleo. Kwa siku mbili hakuna aliyemsikia akiongea.

Mwezi wa tano tangu visanduku vifungwe, Jumapili mchana, Taratibu alikwenda kwa dada yake. Yule alikuwa ameingia muda si mrefu kutoka safari ya siku nne. Watoto walimvuta mkono waende uani, naye akawaambia baadaye, jamani, baadaye. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Alikaa mezani, akachota kijiko cha kwanza, na kabla hakijafika kinywani usingizi ukamchukua, kijiko kikiwa hewani.

Dada alikitoa kijiko mkononi mwake polepole. Mumewe pia alikuwa akilala hivyo mezani.

Simu ya yule ikalia. Taratibu aliipokea, akamsikia msimamizi akisema kisanduku kinaonyesha dereva amepumzika kwa muda wa saa kumi na moja, mzigo uko tayari, aje.

"Ndiyo kwanza amefumba macho," alisema Taratibu.

"Mimi nasoma kinachoonekana hapa."

Taratibu alitaka kumtolea maneno makali, na alikuwa nayo mengi, lakini yule alikuwa ameshaamka kwa mlio wa simu. Alikuwa akivaa viatu macho bado yamefumbwa, na alivivaa bila kukosea. Alifunga vifungo vya shati, akapitiliza kimoja. Dada alimsogelea, akavifungua, akavifunga upya kimoja kimoja hadi shingoni.

"Nenda salama, baba watoto," alimwambia.