Kekeo Wawili wa Mkumbi

Jirani yetu Pankras ndiye aliyetutia homa. Alisema mtaalamu wa ndege anakuja kusikiliza kichaka kilichoshikana na shamba langu hapa Mkumbi, na akikuta ndege adimu, kichaka kinawekewa alama na shamba linakwenda nacho.

Shamba hilo ndilo linalonilisha mimi na wajukuu. Vile vishimo vyake vya ngoro, vya kuzuia maji yasibebe udongo mteremkoni, nimevichimba kwa mgongo huuhuu uliopinda.

Basi nikashauriana na wifi yangu Yuliana. Mtaalamu mwenyewe, kijana Hamphrey, alipofika, darubini shingoni, alitukuta tunasafisha ngoro tayari kwa mahindi, huku tunaimba nyimbo za Mama Maria kwa sauti ya kupasua mabati. Ndege gani angesikika hapo?

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba," nikajibu, nikaendelea na ubeti.

Akangoja. Tukamaliza wimbo, tukadaka mwingine.

"Bibi, naomba mpumzike kidogo, nisikilize."

"Huu ni mwezi wa Rozari, mjukuu wangu. Hatupumziki."

"Rozari si ilikwisha Oktoba, bibi? Hii ni Novemba."

Kumbe Mkatoliki mwenzetu! Yuliana akapaliwa na kicheko, wimbo ukakatika. Katika kimya kile kekeo akalia kichakani, sauti tatu zikishuka. Punde akalia mwingine, sauti tatu za huzuni, ya mwisho ikipanda. Nikajua shamba limekwenda.

Hamphrey akatabasamu. "Hao ni ndugu. Wa kwanza kekeo kifua-chekundu, wa pili kekeo mweusi. Wote hutaga kwenye viota vya ndege wengine, wakawaachia kazi ya kulea."

"Kama Pankras anavyokula kwenye vyungu vya watu," Yuliana akasema.

"Sasa adimu ni yupi?" nikauliza.

"Hakuna, bibi. Mweusi haonekani kirahisi, anapenda kujificha, lakini wote wawili wapo wengi, huku kwetu na nchi nyingine nyingi za Afrika. Hawamo hatarini. Naandika tu kwamba nimewasikia."

"Na shamba?"

"Shamba lina nini?"

Yuliana akamsimulia maneno ya Pankras. Kijana akacheka hadi akavua kofia. "Limeni tu, bibi zangu. Hakuna anayelitaka."

Nikakaa palepale juu ya tuta. Nikamkaribisha Hamphrey viazi. Vilikuwa bado vigumu jikoni, lakini nani alikuwa na haraka?