Alama Kwenye Sukari

Mwanangu alikuwa ananikimbia kila mlo. Kongosho lake halitoi maji ya kumeng'enya mafuta, kwa hiyo kabla ya kula lazima ameze chembechembe za dawa, na wa kumbana ni mimi mama yake. Akisikia kijiko tu, huyo, chini ya kitanda!

Basi dada yangu, ambaye nyumbani tunamwita Daktari wa Majani, alipokuja Jumapili akiwa hatulii kwenye kiti kwa furaha, nilitega sikio. Anatafiti mafuta yaliyomo kwenye tando za kijani za majani, mafuta yaliyoshikana na sukari. Panya wake waliozibwa mrija wa kongosho walilishwa mafuta hayo yakiwa yametiwa alama ya kuyafuatilia mwilini, na alama ikaonekana kwenye damu.

"Yaani yameingia mwilini bila kongosho!" alisema. "Ila ngoja kwanza, tunarudia jaribio."

Mimi sikio langu liliishia kwenye "yameingia". Kesho yake nikaacha mafuta ya kupikia, nikaanza kumsagia majani, na dawa nikaitupa juu ya kabati. Wiki ile mtoto hakunikimbia. Alikuja mwenyewe kupanda mapajani mwangu, raha niliyokuwa nimeisahau. Lakini roho haikutulia. Choo chake kiling'aa mafuta, nikajidanganya kuwa ni majani. Nikifua nainuka kumtazama, nikimtazama nakumbuka nguo.

Ijumaa nikashindwa, nikamfuata dada kazini. Nilimkuta anazunguka katikati ya vizimba vya panya, vifungo vya koti vimepishana.

"Tulitia alama upande wa sukari," alisema hata kabla ya salamu. "Sukari, mdogo wangu! Si kwenye mafuta yenyewe. Sukari ilifika utumbo mpana, bakteria wakaila, mabaki ya mlo wao ndiyo tuliyoyaona kwenye damu. Sasa tumehamishia alama kwenye mafuta, na damuni hamna kitu. Yametoka yote na mavi. Bila maji ya kongosho kuyakata, mafuta ya jani hayapenyi ukuta wa utumbo, kama mafuta mengine tu."

Nikakaa juu ya gunia la chakula cha panya.

"Lakini dawa unampa, sivyo?"

Nikawatazama panya. Panya nao wakanitazama.

"Mdogo wangu?"

"Niliacha Jumatatu."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nilimchukia pale pale, yeye na furaha yake ya Jumapili, kisha nikajichukia zaidi. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimeshika jani. Dada alivua koti, akaliacha sakafuni, tukatoka mbio.

Mtoto tulimkuta sebuleni na bibi yake, anachora akingoja chakula. Dada alipanda kiti, akaishusha dawa, akafungua kidonge na kumwaga chembechembe juu ya ndizi iliyopondwa. Nilinyoosha mkono kupokea.

"Kijiko nakishika mimi," alisema. "Kuanzia leo mbaya ni mimi. Wewe kaa pale."

Mtoto alikiona kijiko. Safari hii hakwenda chini ya kitanda. Alikuja mbio kwangu, akanishika shingo kwa nguvu zake zote, mbavu zinahesabika chini ya fulana.

"Mama, mfukuze!"

Nikamkumbatia. Kisha nikamshika mikono, nikamgeuza uso, ili dada aupate mdomo.