Kutu ya Chumbageni

Asumpta alipofungua sanduku la majaribio, harufu ilimpiga usoni akasimama palepale. Kwa wiki kadhaa vipande vya chuma vilikuwa humo ndani vikipuliziwa ukungu wa maji ya chumvi, na sasa vilinuka kutu mbichi. Vilinuka kama nyumbani kwao Chumbageni, Tanga.

Kampuni yao ndogo hapa Toronto ilikuwa ikiunda chombo cha kwenda anga za juu, kirudi, kisafishwe, kirushwe tena. Lililobaki ni kuamua kitue wapi. Rogers, mkuu wao, alipenda baharini: maji yangepokea kishindo, na chombo kingekuwa chepesi. Ila kwanza alimtaka Asumpta apime chumvi ingekifanya nini.

Chumvi Asumpta aliijua tangu utotoni. Kila mwaka kabla ya Krismasi baba yake alilikwangua geti kwa msasa, akalipaka rangi ya bluu, Asumpta akimshikia kopo. Ikifika Pasaka, kutu imeshachungulia. "Haya fundi, twende tena," baba alikuwa akisema huku anacheka, kana kwamba bahari ni jirani mtundu tu. Sasa baba ni marehemu.

Kikaoni aliviweka vile vipande mezani.

"Tukitua baharini, kila safari itabidi tufungue karibu kila kitu, tuoshe, tubadilishe skrubu. Tutakuwa kama tunaunda chombo kipya kila mara."

"Na nchi kavu?" Rogers akauliza. "Kishindo je?"

"Parachuti, na mifuko ya hewa chini ya chombo. Uzito utaongezeka, ndiyo. Lakini tutakiokota kikavu, tukipakie kwenye lori."

Rogers aligeuzageuza kipande kimoja, kikamwachia unga mwekundu vidoleni. "Basi nchi kavu," akasema. "Tambarare za Saskatchewan, mbali na bahari yoyote."

Wenzake walimpongeza Asumpta. Akatoka, akasimama kwenye ngazi, akampigia mama yake. Tanga ilikuwa jioni.

"Mama, wamenikubalia. Hakitatua baharini."

"He! Na mimi nimeshawatangazia wanajumuiya wenzangu wa kanisani kwamba chombo chenu kitashukia baharini. Nikajua kitakuleta na wewe."

"Ingekuwa bahari ya huku, mama."

"Kwani bahari si ni moja?"

Asumpta alicheka, kisha akaanza kulia.

"Mbona unalia? Si umeshinda?"

"Nimeshinda. Ni harufu tu. Leo kazini kumenuka kama nyumbani, nikamkumbuka baba na geti lake."

"Geti tuliling'oa, bawaba zilikatika. Lipo uani, wapangaji wanaanikia nguo."

"Usilitupe, mama."

"Nilitupe vipi? Rangi ile ya mwisho ni ya mkono wake."

Kabla hajaanza kuchora mifuko ya hewa, Asumpta alimfuata Rogers akaomba likizo. Wiki ya Krismasi alishuka Tanga. Mama alimpokea barazani, mdogo kuliko sauti yake ya kwenye simu, wakakumbatiana, kisha wakazunguka uani kulitazama geti.