Korongo wa Kuonyesha Wageni

Kwenye fomu, kinamasi kilikuwa cha ekari arobaini. Nanyama alikipima kwa hatua, mtaro hadi mtaro, akapata nne na kidogo. Kwingine kote kulikuwa na sukuma wiki na mikaratusi, na upepo ukileta uvundo wa samadi ya nguruwe.

Alikuwa ametoka Bungoma asubuhi kwa kazi moja: kuthibitisha kama korongo wenye taji bado wanataga hapa karibu na Kiminini. Jozi moja yenye kiota ingetosha. Kinamasi kingezungushiwa ua, na jembe lisingeingia tena. Bila kiota, mradi wa kuhifadhi ndege hao ungehamia Kachibora. Mwaka huo wa 2006 alikuwa ameshafuta vinamasi sita kwenye orodha yake. Hiki hakutaka kukifuta.

"Pole pole, Madam," alisema Kimotho, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, akitangulia na gambuti zake mpya. "Hii ndege inaogopa watu, si unajua. Hesabu tu ukiwa hapa."

Katikati ya matete alisimama korongo mmoja, taji lake limechakaa kama ufagio wa choo. Hakulia, hakuruka. Nanyama alivua viatu akaingia matopeni.

"Madam! Huko kuna ruba!"

"Ruba nimewazoea, mwenyekiti."

Mguu wa ndege ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nailoni uliozama ndani ya nyama. Palipovimba, mabuu yalikuwa yakichezacheza. Manyoya ya bawa yalikuwa yamekatwa kwa makasi, sawasawa. Kando yake palikuwa na kiota cha nyasi zilizofyekwa kwa panga, na ndani mayai matatu. Aliokota moja, akalitikisa sikioni. Lilimpasukia mkononi, harufu ikampanda hadi machoni.

"Ya bata," alisema, akitema mate.

Kimotho alicheka. "Kwani bata si ndege? Madam, bana, tulikuwa tunakusaidia! Wewe unataka hii maji ibaki, hata sisi tunataka ua na pesa ya mradi. Andika jozi moja, twende tukunywe chai."

Hilo lilimchefua kuliko mabuu: mwongo huyu alikuwa amesema kweli. Sahihi moja ingeokoa ekari nne. Lakini mwakani kila kinamasi kingekuwa na ndege wake wa kamba, na hesabu isingekuwa na maana popote.

Alipangusa mkono kwa majani, akaandika: *Jozi, hakuna. Mayai, hakuna. Korongo mmoja, amefungwa.*

"Umeandika nini?"

"Nilichokiona."

"Basi hiki kinamasi umekiua wewe, mimi simo." Kimotho aligeuka, akamwita mkewe ng'ambo ya mtaro. "Mama Kibe! Leta kamba na vigingi. Tunagawa mashamba leo!"

Nanyama alikata uzi, akambeba ndege kwapani ampeleke kwa daktari wa mifugo Kitale. Alipofika ukingoni, kigingi cha kwanza kilikuwa kimeshagongwa.