Mimba ya Mwaka wa Tatu

Kabla ya kutoka asubuhi, Mama Kesho alipanga vifaa vyake kwenye ndoo: brashi ya choo, sabuni ya maji, matambara ya deki na glavu zilizotoboka kidole gumba. Kisha akalifunga tumbo lake kwa kitambaa kipana, lisije likagonga kwenye ngazi za watu. Mimba ilikuwa imeingia mwaka wa tatu. Mama yake, Bibi Nyuzi, alimpa chai ya rangi; yote ya kusema yalikwisha kusemwa mwaka wa kwanza.

Mkunga wa zahanati alikuwa amempima mara nyingi. Mtoto mzima, moyo unapiga vizuri, kichwa kimeshuka.

"Huyu hana tatizo," alimwambia huku akinawa mikono. "Anasubiri likizo tu. Ninao wengine wa namna hii, mmoja mama yake ni msusi wa kuitwa kwa simu. Ukipata likizo, mwanangu, njoo."

Mama Kesho naye alifanya usafi wa kuitwa kwa simu. Simu ikilia, alikuwa na muda wa kumeza mate tu kabla kazi haijapewa mwingine. Akikataa, nyota alizopewa na wateja zilishuka, na nyota zikishuka simu ilinyamaza. Jina lake alipewa na majirani, maana kila walipomuuliza atajifungua lini alijibu, "Kesho, Mungu akipenda." Wateja walimzoea. Mmoja alimpa nyota tano na kuandika kwamba dada huyu ni mjamzito lakini uvunguni anafika.

Aliwahi kuiandikia kampuni iliyompa kazi hizo kuomba likizo ya uzazi. Jibu lilikuja papo hapo, pamoja na picha ya maua. Kampuni ilimpongeza, ikamkumbusha kwamba yeye si mwajiriwa bali mshirika, tena bosi wa nafsi yake, kwa hiyo ajipe likizo siku yoyote aipendayo. Basi akajipa. Alijilaza kitandani, akaweka mkono tumboni na kusema, "Haya mwanangu, tumepata likizo." Uchungu ukaanza vizuri tu. Kisha simu ikalia, na uchungu ukakatika. Mtoto hakuwa mjinga.

Bibi Nyuzi yeye alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye kiwanda cha nyuzi, na alikisimulia hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. King'ora cha alfajiri kiliamsha mpaka kuku wa mtaa wa pili. Wasichana waliingia langoni wameshikana mikono na kutoka jioni pamba imewaganda kwenye nyusi, utadhani wamezeekea humo humo. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba walijifunza kusengenyana kwa midomo mitupu, bila sauti, na walielewana vizuri sana. Mshahara haukuwa wa kujivunia, na msimamizi alikuwa na mdomo mchafu. Lakini ukiugua, muuguzi wa kiwanda alikufuata nyumbani, na ukijifungua ulipewa likizo yenye mshahara pamoja na blanketi jeupe lenye mstari wa buluu.

Likizo hiyo aliipata mara mbili. Ya kwanza aliitumia kumlea Mama Kesho. Ya pili ilikuwa ya mtoto wa kiume, ambaye aliishi mpaka jioni. Wiki iliyofuata Bibi Nyuzi alirudi kwenye mashine, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Msimamizi alimtazama, akasema kwa upole ambao hakuurudia tena, "Likizo ni yako. Hata usipoitumia, haiozi."

Akaenda nayo nyumbani ndani ya blanketi, akaiweka sandukuni na dawa ya nondo. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kwa kilo, lakini likizo ilibaki. Siku nyingine, akizidiwa na upweke, aliinua kifuniko kidogo. King'ora kilisikika kwa mbali, na chini yake kitoto kikipumua. Mwanawe hakuwa ameacha kitu kingine duniani.

Siku hiyo Mama Kesho alirudi anachechemea. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi alizokuwa akizisafisha. Mteja alimpunguzia nyota kwa kuwa maji yalilowesha zulia, na kampuni ilimjibu kwamba ajali ni juu ya mshirika mwenyewe, ikamtakia afya njema.

"Mama," alisema, "tangu mchana hajacheza."

Bibi Nyuzi aliweka sikio kwenye tumbo. Akainuka, akaenda kuliburuta sanduku.

"Lala."

"Simu bado iko hewani, mama."

"Nimesema lala."

Mama Kesho aliuona mstari wa buluu. "Si likizo ya mdogo wangu hiyo?"

"Ni yake. Amekubali."

Bibi Nyuzi hakujua kama amekubali. Alilia waziwazi huku akimtandazia binti yake blanketi, na hakuacha kutandaza.

King'ora kililia, safari hii karibu kabisa, na simu ikazimika. Pamba nyepesi ilianza kuelea chumbani. Muuguzi wa kiwanda, aliyezikwa siku nyingi, aliingia na mkoba wake na kugomba kwa nini maji hayajabandikwa. Kesho alizaliwa kabla hayajachemka. Alikuwa msichana wa uzito wa kawaida, mwenye meno yote ya mbele, na alizijua kwa majina sabuni zote za sakafu.

Likizo ilikuwa nzuri. Mama Kesho alilala, akanyonyesha, akanenepa mashavu. Mshahara ulipenyezwa chini ya mlango kwa noti za zamani, ambazo mwenye duka alizipokea bila kuuliza. Bibi Nyuzi alikaa mlangoni akisikiliza pumzi mbili humo ndani, ya mjukuu wake na ile iliyotoka sandukuni, mpaka ile ya sandukuni ikawa haisikiki tena.

Kisha king'ora kililia mara ya mwisho na pamba ikatua sakafuni. Simu ikajiwasha. Ilimkaribisha Mama Kesho kama mshirika mpya, asiye na nyota hata moja, ikampa kazi ya kwanza na kumtaarifu kwamba mteja hataki watoto. Alifagia pamba, akachukua ndoo, akatoka.

Bibi Nyuzi aliinua kifuniko cha sanduku kwa mazoea. Ilitoka harufu ya dawa ya nondo tu. Kesho, aliyekuwa mapajani mwake, alichungulia ndani kwa makini.

"Bibi, likizo yangu iko wapi?"

Bibi Nyuzi alifunga sanduku na kuanza kumfundisha kusema kwa midomo bila sauti, kama walivyosema kwenye mashine, kwani cha kumrithisha kutoka kiwandani kilikuwa kimebaki hicho tu. Kesho alishika haraka. Alimtazama bibi yake usoni, akauliza lile swali tena, safari hii bila sauti.